Kuku watatu wamekufa mchana mmoja na maji yanaisha, niokoe wanyama au bustani?

jembe_na_ndoo

Habari zenu wakuu, naomba msaada wa haraka maana sa hivi hata usingizi sipati. Nina kashamba kadogo, kuku wa mayai 22 (sasa 19), mbuzi wawili wa maziwa, sungura watano na bustani ya nyanya, matango, maharage na spinachi. Kiangazi chote tulienda nacho vizuri nikajua tumeshavuka, kumbe joto lenyewe lilikuwa bado linakuja, leo siku ya tisa mfululizo. Kipimajoto nilichotundika bandani jana saa tisa alasiri kilisoma 38, na usiku hakishuki chini ya 25.

Jana niliwaangalia saa saba na nusu wako sawa, narudi saa kumi nakuta watatu wamelala mabawa yamefunguka, wamekufa, na ni wale wanene wanaotaga kuliko wote. Kinachonichanganya ni kwamba maji yalikuwepo, chombo kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu. Waliobaki wanahema midomo wazi mpaka unaona koo linatetemeka.

Upande wa pili ni tenki. Nimepima kwa fimbo, zimebaki kama lita 1800 na mvua sijui lini. Bustani namwagilia kwa mpira asubuhi na jioni, robo saa kila mara, lakini nyanya zinadondosha maua, leo nimeokota chini yamejaa kiganja, na zilizokomaa zinabaki rangi ya chungwa haziwi nyekundu. Sasa kwa maji haya nichague nini, wanyama au bustani? Na kuku nikiwamwagia maji ya baridi mwilini nitawasaidia au nitawamaliza? Nisaidieni jamani, hawa kuku nimewalea toka vifaranga.

mtetea_mwekundu

Pole sana ndugu yangu, mimi nilipoteza saba kwa siku mbili miaka mitatu iliyopita kwa hiyo najua hiyo hali ya kurudi bandani ukakuta kimya.

Kwanza nikuulize, yale maji uliyoyakuta chomboni uliyagusa? Mi siku ile nilisema hivo hivo kama wewe, maji yapo mbona wanakufa, afu jirani yangu mama mmoja mtu mzima akaja akatumbukiza vidole kwenye chombo akaniambia haya hata ya kuogea yamezidi. Kuku maji ya moto hanywi, atasogea atagusa mdomo atarudi nyuma, anaendelea kuhema na kiu yake. Na kuku hana jasho kabisa, joto analitoa kwa kuhema na kwa sehemu zisizo na manyoya yani upanga, ndevu na miguu. Akihema anapoteza maji, maji asiporudisha ndo basi. Mwili wake kawaida uko kwenye 41 hivi, ukipanda ukakaribia 47 hakuna cha kufanya tena, unaona nafasi aliyonayo ilivyo ndogo.

Kwa nini wanene ndo wanatangulia, ni kwamba mafuta yanazuia joto kutoka na kutaga kwenyewe kunaongeza joto ndani. Halafu chakula. Ukimlisha asubuhi saa tatu saa nne ameshiba, chakula kinasagwa tumboni na kutoa joto saa kadhaa baadaye, yani saa nane saa tisa, nje moto na ndani moto. Mi siku za joto nalisha alfajiri kabla jua halijatoka, saa tatu naondoa vyombo vya chakula kabisa, narudisha jua likiisha nguvu. Wanakula vizuri tu jioni na hawadhoofu.

Maji ya baridi sana usimmwagie mwilini, manyoya yake yana mafuta maji yanateleza tu na wewe unamshtua bure. Chukua karai pana weka maji kina cha vidole viwili yaliyo kivulini wasimame ndani wenyewe, utaona wanavyokaa, miguu ndo inapoa. Kama yuko mmoja anayumba au upanga umebadilika rangi kuwa wa zambarau, mchukue taratibu mtumbukize miguu mpaka kwenye mapaja kwenye maji ya kawaida (si ya barafu), umlowanishe na chini ya mabawa, afu mweke mahali penye upepo mpe maji kidogo kidogo. Ila usimkimbize! Kumfukuza kuku saa nane mchana ni kumuua kwa mikono yako, kama ni kuhamisha hamisha usiku au alfajiri.

Na maji badilisha saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Usisubiri uone wanahema ndo ukimbie, ukiona midomo wazi ujue umeshachelewa kidogo. Vyombo viwe viwili vitatu sehemu tofauti maana wale wanyonge wanafukuzwa kwenye kimoja.

Mayai nayo usishangae yakianza kuwa na ganda laini. Kuhema sana kunatoa hewa ya ukaa nyingi mwilini, damu inabadilika na lile ganda linakosa cha kujengea. Wape chokaa ya mifugo au maganda yaliyosagwa jioni, lakini dawa yenyewe ni wapoe.

bati_na_mbao

Banda lako limeezekwa nini mkuu? Kama ni mabati matupu na liko chini, hapo umepata jibu la 38. Mimi kazi yangu ni kujenga mabanda na kosa ninaloliona kila mahali ni lile bati kulazwa kichwani kwa kuku na kuta zimezibwa mpaka juu kwa kuogopa wezi na vicheche. Bati likipata moto linashusha joto kama jiko. Leo leo panda utandaze nyasi kavu au matawi juu yake yafike unene wa shibiri moja, yafunge kamba yasipeperuke, ndani utasikia tofauti siku hiyo hiyo. Baadaye ukipata nafasi paka chokaa nyeupe juu, na toboa ukuta upande wa juu pande mbili zinazotazamana uweke wavu, hewa ya moto itoke yenyewe.

Kitu kimoja nataka nisisitize maana watu wanapotea hapa, USIMWAGE maji sakafuni kwenye banda lililofungwa. Wengi wanafanya hivo wakidhani wanapooza. Kuku anapoa kwa unyevu kutoka kwenye pumzi yake, ukijaza hewa unyevunyevu ule wake hautoki tena, unakuwa umempikia kwenye mvuke. Kulowanisha ni nje au pale penye upepo unaopita, kama gunia bichi lililotundikwa upande unaotokea upepo. Na matandiko ya zamani yaliyoshikana toa yote, yanachacha yanatoa joto lake lenyewe na ile harufu ya mkojo inayochoma macho, bakiza tabaka jembamba tu.

mzee_wa_matandazo

Mwanangu jembe_na_ndoo, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa, maana naona umechanganyikiwa. Wenzangu wamesema ya kuku vizuri, mimi naomba nilete hesabu kwanza kwa sababu nadhani swali lako limekaa vibaya.

Kuku 19 wakati wa joto kali weka nusu lita kila mmoja, hapo ni kama lita 10. Mbuzi wawili wa maziwa wape lita 15 kila mmoja, 30. Sungura watano, lita 3 hata zikibaki. Jumla 43, weka 50 na ya kumwaga na kusuuza vyombo. Sasa mpira wako, chukua ndoo ya lita 20 uijaze huku unahesabu saa. Mipira mingi ya bustani inajaza ndoo hiyo kwa dakika mbili hivi, maana yake nusu saa kwa siku umemwaga lita 300. Yani maji yako hayaishi kwa sababu ya wanyama hata kidogo, wanyama wanakunywa sehemu ndogo sana, bustani ndo inamaliza tenki, tena bila faida kama nitakavyokueleza. Kwa mwendo wa sasa lita 350 kwa siku una siku tano. Ukiwapa wanyama 50 zao na bustani ukaipa 150 kila baada ya siku tatu, tenki hilo hilo linakupeleka siku kumi na nane. Kwa hiyo hakuna cha kuchagua hapo, wape wanyama wote washibe maji, afu kaa chini tuzungumze habari ya bustani.

Nyanya. Maua hayadondoki kwa kiu. Ua la nyanya linahitaji usiku wa kupumua, mchana ukipita 32 hadi 35 na usiku haushuki chini ya 21 hadi 24 chavua inakufa, ua halishiki, mti unaliachia. Wewe umesema usiku ni 25, basi ndo hapo. Hata ungemwaga bahari yote asubuhi na jioni hayatashika. Mti wenyewe ukiwa mzima utatoa maua mengine usiku ukipoa, kwa hiyo kazi yako sasa ni kuuweka hai tu, usiudai matunda. Na hiyo rangi ya chungwa ni vile vile, ile rangi nyekundu ya nyanya haitengenezwi vizuri joto likizidi 30, ndo maana zinagoma. Zichume zikianza tu kubadilika rangi, ziweke ndani kivulini penye hewa, zitaiva na mti utapumzika.

Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunafundisha mizizi ikae juu juu, na juu ndo kunakoungua. Mwaga mara moja kwa siku tatu, alfajiri, polepole kwenye shina mpaka yazame shibiri. Nyanya ukizinyima ukazigharikisha ukazinyima tena zinaoza kitako, ule weusi wa chini, kwa hiyo ratiba ishike. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili, kama chini kuna ubichi usimwagilie hata majani yakiwa yamelegea saa saba. Majani ya matango na maboga hulegea mchana kujikinga jioni yakasimama, tazama saa kumi na mbili asubuhi, jani likiwa limelegea saa hiyo ndo kiu ya kweli.

Matandazo, matandazo, matandazo. Nyasi kavu, majani, maranda, unene wa sentimita 7 mpaka 10, usigusishe shina. Udongo wangu ulio wazi saa nane sikanyagi peku, hatua moja tu pembeni chini ya nyasi unaweka mkono unakuta kubaridi na minyoo imejikusanya pale pale. Nimelima miaka mingi na bado nikifunua pale nafurahi.

Spinachi nakushauri ng'oa. Inauma lakini joto hili itatoa mbegu na kuwa chungu, inakunywa maji ya maharage bure. Wape kuku na mbuzi. Matango yakianza kuwa machungu ni joto na kiu, yavune madogo. Mbolea ya kukuzia acha kabisa mpaka kupoe, usiwalazimishe wagonjwa kukua.

Na maji ya mpira uliolala juani, yale ya mwanzo yamwage kwenye ndoo yapoe, yanaweza kuunguza miche. Maji machafu ya vyombo vya kuku ukibadilisha usiyamwage njiani, peleka chini ya nyanya.

jembe_na_ndoo

Shikamoo mzee wangu, na samahani nilianza bila salamu. Asanteni wote, nimesoma huku mikono inatetemeka.

Dada mtetea_mwekundu nimeenda kugusa maji sa hivi saa nane, ni ya moto jamani, chombo ni cheusi na nilikuwa nakiweka pale pale dirishani jua linapoingia. Najisikia vibaya sana. Nimehamishia kivulini na karai nimeweka. Ndoo ya lita 20 imejaa dakika mbili kamili, mzee umepiga mule mule.

Mawili yamebaki. Sungura dume kajinyoosha sakafuni kama nguo iliyoanguka, pua inaenda mbio na masikio ni ya moto na mekundu ndani. Na mbuzi mchana hawali kabisa, wanasimama tu, ndo nikawaza niwakatie yale machipukizi ya mtama yaliyoota ukingoni baada ya kuvuna maana ndo kijani pekee kilichobaki, na niwapeleke wakanywe kwenye dimbwi la chini kuokoa maji ya tenki, ingawa limegeuka kijani kibichi.

maziwa_asubuhi

Kaka simama hapo hapo usikate huo mtama!!

Machipukizi machanga ya mtama hasa yaliyopigwa na ukame yana sumu ya sianidi, mbuzi akila tumbo tupu anaweza kufa ndani ya dakika chache mbele yako, anahema kwa nguvu anaanguka. Mbaya zaidi ni pale yanapochipua baada ya kukatwa au baada ya kamvua ka kwanza, watu wanafurahi kijani kimerudi wanafungulia mifugo. Yaache mpaka yapite sentimita 60 ndo ufikirie, na hata hapo usiwaingize wakiwa na njaa. Yaliyonyauka nusu nayo usiguse.

Dimbwi pia hapana. Kama kijani chake kimekaa kama rangi ya kupaka imemwagwa juu ya maji au kuna povu la kijani pembeni, hiyo ni bakteria ya kijani-bluu, inapenda maji yaliyosimama mwisho wa kiangazi kama sasa hivi, sumu yake inaua mbuzi, ng'ombe, mbwa. Zungushia miiba hata kuku wasifike. Mzee ameshakupigia hesabu, mbuzi wako ni lita 30 tu, wape za tenki.

Kutokula mchana si ugonjwa kwa joto hili, tumbo la mbuzi likisaga majani linatoa joto jingi kwa hiyo anajizuia mwenyewe. Wape jioni saa moja na uwaachie usiku kucha, asubuhi utakuta hori tupu. Kivuli cha mti ni bora kuliko cha bati. Jiwe la chumvi la kulamba liwepo. Maziwa yatapungua kidogo, usiwabane.

masikio_marefu

Huyo dume mshughulikie SASA kabla hujasoma mengine. Lowanisha masikio yake kwa kitambaa na maji ya kawaida, nje na ndani kidogo lakini yasiingie tunduni, maana sungura joto lake analitolea masikioni, hatoki jasho na kuhema kwake hakumsaidii sana. Usimtumbukize kwenye maji baridi, mshtuko unaua. Mweke chini kwenye sakafu ya saruji au juu ya tofali lililolowa, penye kivuli na upepo. Kama una friji gandisha chupa za maji uzifunge kitambaa uwawekee kila mmoja ya kwake, wanalala wamezikumbatia, hiyo ni kazi ya kila siku saa tano mpaka jioni. Sungura anaanza kuteseka kwenye 28 hadi 30 tu, wewe uko 38, kwa hiyo hao ndo wa kwanza kuhamishwa, hata ndani ya nyumba.

Akipona usimpandishe jike, mbegu zake zimeshaharibika na inachukua wiki sita mpaka nane kurudi sawa, watu wengi wanadhani jike ndo tasa. Na kagua matako kila asubuhi, manyoya yakiwa na kinyesi au mkojo nzi wanataga pale na funza wanaingia nyamani kwa siku moja.

jembe_na_ndoo

Nimerudi baada ya siku sita wakuu, joto bado lipo ila jana usiku kipimajoto kimeshuka mpaka 22 kwa mara ya kwanza.

Dume yuko hai. Nilikaa naye chini jikoni karibu saa mbili, nalowanisha masikio kitambaa kikikauka narudia, mpaka pua ikapunguza mbio akageuza kichwa akalamba mkono wangu. Wote watano wanalala ndani sa hivi.

Kuku amekufa mmoja siku ile ile usiku, alikuwa ameshazidiwa, toka hapo hakuna. Nyasi juu ya bati zimeshusha kutoka 38 mpaka 33 saa ile ile ya tisa. Kwenye karai wanapanga foleni, kuna mmoja mweusi akishaingia hatoki, anafumba macho anasimama na mguu mmoja. Mayai nimepata 7 leo, mawili ganda laini. Mtama nimeuzungushia uzio, dimbwi pia, na mbuzi kweli wanakula usiku, nawasikia.

Tenki nimepima lita 1300 hivi zimebaki, siamini. Mzee spinachi nimeng'oa yote. Nyanya mbili zimekufa, zingine zimesimama na asubuhi majani yako wima. Pale palipokuwa na spinachi nataka nipande letusi kwa ajili ya kukipoa, nimwage mbegu sa hivi?

mzee_wa_matandazo

Hongera mwanangu, na pole ya huyo wa nne.

Letusi subiri. Udongo ukizidi 27 au 30 mbegu yake inalala haioti, utadhani umeuziwa mbegu mbovu. Kama una haraka ziloweshe kwenye kitambaa uziweke mahali pa baridi ndani, zikitoa kijino tu unazihamishia kwenye trei kivulini, unapanda jioni. Sasa hivi hilo tuta lijaze samadi iliyooza na ulifunike nyasi, lisikae uchi. Lile karai la kuku likibadilishwa, maji yake yapeleke hapo.